Kuwatafuta Mababu wa Ireland Ukiwa Ng'ambo

Kumbukumbu nyingi za Ireland zimepigwa picha na zinasomwa bure kwenye intaneti. Wanaokwama wengi ni wale wanaoingia na jina tupu, John Murphy au Mary Kelly, wakakuta mamia ya watu wenye jina hilohilo. Tafuta mahali kwanza: kaunti, parokia, na ikiwezekana kitongoji.

Hatua ya 1: Pekua nchi aliyohamia

Awe babu yako alihamia Boston, Liverpool au Sydney, anza huko. Cheti cha kifo, hati za uraia, maandishi ya kaburini. Kitabu cha ndoa cha kanisa hakina mfano, kwani padri mara nyingine aliandika parokia ya nyumbani pale ambapo karani wa serikali aliandika "Ireland" tu. Wafuatilie na ndugu zake pamoja na majirani waliohama naye; huenda mmoja wao ndiye aliyeacha jina la kitongoji.

Hatua ya 2: Rejesta za serikali

Fungua irishgenealogy.ie. Utaona picha za rejesta za vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75 na vifo vya zaidi ya miaka 50. Usajili wa watu wote ulianza 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kusajiliwa 1845.

Mimi huanza na ndoa, kwa sababu inataja baba wa kila upande, kazi yake, na mahali maharusi walipokuwa wakiishi. Kisha vizazi vya watoto, vinavyokupa jina la ukoo la mama. Rejesta ya kifo haitaji wazazi, ila humtaja aliyeleta taarifa, ambaye aghalabu ni mtoto au mkwe.

Tarehe ya kuzaliwa usiishike sana. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, hivyo wazazi wengine waliisogeza mbele. Ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", amini kitabu cha ubatizo.

Hatua ya 3: Vitabu vya kanisa

Maktaba ya Taifa ya Ireland imeweka rejesta za Wakatoliki hadi mnamo 1880 kwenye registers.nli.ie. Hapo hutafuti kwa jina la mtu; unachagua parokia na kusoma ukurasa kwa ukurasa, ndiyo maana nimesisitiza mahali. Nyingi ni za Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Honoria ni Nora. Nakili pia wasimamizi wa ubatizo, kwa kuwa mara nyingi ni shangazi, wajomba na baba wadogo. Jaribu jina la ukoo likiwa na O' na bila O'. Vijijini magharibi, vitabu vingi havirudi nyuma ya miaka ya 1820.

Waanglikana wana pengo kubwa. Moto wa Four Courts, jengo la mahakama la Dublin ambako nyaraka za taifa zilihifadhiwa, mwaka 1922, uliteketeza zaidi ya nusu ya rejesta zao, pamoja na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851.

Hatua ya 4: Ziba mapengo

Sensa za 1901 na 1911 zipo kamili, bure, kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Umri wa wazee ulinganishe: pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa 1909, na wengi "walizeeka" zaidi ya miaka kumi kati ya sensa hizo mbili.

Kwa miaka ya nyuma, tumia Griffith's Valuation, yaani uthamini wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ya 1847 hadi 1864, iliyoorodhesha wakuu wa kaya kitongoji kwa kitongoji. Kwa kaunti sita za Ireland ya Kaskazini, GRONI, ofisi ya usajili wa vizazi, ndoa na vifo iliyoko Belfast, inatoa picha za rejesta kwa malipo.