Somo: Jinsi ya kutambua kromosomu ya nyasi-mwitu inayojipendelea ndani ya ngano

Unachanganya ngano na nyasi-mwitu za Aegilops, kisha unarudishia chavua ya ngano kizazi hadi kizazi ili kromosomu za mwituni zitoke. Zote zinatoka, isipokuwa moja. Usilaumu uteuzi wako kabla hujaipima kromosomu hiyo.

1. Ngano iwe mama. Aina ya ngano iitwayo Chinese Spring inapokea chavua ngeni vizuri. Chotara wa kwanza karibu wote ni tasa. Endelea kuwachavusha kwa ngano mpaka upate mimea yenye kromosomu 43: 42 za ngano na moja ya kigeni.

2. Hesabu. Ncha za mizizi zikae kwenye maji ya barafu saa 24, zipakwe rangi, zitazamwe kwa hadubini. Sura ya mmea haitoshi.

3. Hapa ndipo penye kazi. Mchavushe mama wa 43 kwa ngano ya kawaida, uwahesabu watoto. Kromosomu isiyo na mwenza hupotea sana yai linapoundwa, hivyo kwa kawaida huipata kama robo tu ya watoto. Kisha geuza: chavua itoke kwa mmea wa 43. Chavua yenye mzigo wa ziada huwa inapitwa na chavua safi. Ukikuta karibu watoto wote wanayo, kwa pande zote mbili, basi mayai na chavua zilizoikosa zilikufa kabla ya kuzaa.

4. Kagua masuke. Maua mengi yasiyofunga punje ni dalili ya vifo hivyo.

MASWALI

Mwalimu, kromosomu inauaje seli isiyokuwa nayo?
Mmea mzazi unayo, na madhara yake huanzia humo. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba ina kazi mbili: moja hukata kromosomu, nyingine hukinga. Seli inayoikosa hukatwa bila kinga. Mwaka 2003 mtafiti Friebe na wenzake walieleza mabadiliko ya jeni yaliyozima ukataji huku kinga ikibaki. Hiyo ndiyo njia ya kuitoa kromosomu kaidi kama ya Aegilops sharonensis.

Mimea yenye kromosomu 44 nayo hufa?
Hapana. Ina jozi kamili ya kromosomu hiyo, kila yai na kila chavua hupata yake, na punje hurudi.

Kuna faida yoyote?
Kubwa! Kromosomu ya Aegilops cylindrica hukata, lakini si kila mara huua. Kwa kuitumia, watafiti Endo na Gill walitangaza mwaka 1996 mapengo 436 ya vipande vilivyokatika na kupotea katika kromosomu za ngano, na watu wakaweza kujua jeni ipi iko sehemu gani.

Kwa nini msiiache sharonensis?
Nyasi hiyo ya pwani ya Israeli na kusini mwa Lebanoni ndimo ilimotoka Sr62, jeni ya kinga dhidi ya ugonjwa wa ngano uitwao kutu ya shina, ikiwemo aina yake ya Ug99 iliyopatikana Uganda mwaka 1998. Jeni hiyo ilitengwa na kuchapishwa mwaka 2022. Siwezi kuiacha.