Ufunguo Umebaki Ndani ya Gari: La Kufanya, na Namna ya Kutunza Ufunguo wa Akiba

Mlango ukishafunga na ufunguo ukabaki ndani, macho ya mtu hukimbilia kwenye swichi, pale ufunguo unapoonekana ukining'inia karibu kabisa na kioo. Kabla ya hapo tazama viti. Ikiwa ndani yumo mtoto, mgonjwa au mzee asiyeweza kufungua mwenyewe, shughuli ya kutafuta fundi haipo tena, kwa sababu joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za mwanzo, na katika miezi ya kaskazi, hapa Tanga, gari huanza safari hiyo likiwa tayari limeshachemka. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto kwa kasi kubwa kuliko wa mtu mzima, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii sana. Mwagize mtu mmoja apige 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto, lakini mtoto akiwa analegea, amenyamaza au ameacha kutoka jasho, usingoje wafike. Vunja kioo.

Chagua kioo cha mlango kilicho mbali naye, wala usihangaike na kioo cha mbele, kwa kuwa hicho kimetengenezwa kwa matabaka yaliyogandishwa na hupasuka bila kuachia. Vioo vya milango vya magari mengi ya kwetu huvunjika vikawa punje punje. Piga pembeni, karibu na kona, si katikati, kwa kitu kigumu chenye ncha, kama vile spana ya kufungulia tairi. Geuza uso, na ufunike mkono kwa kanga au shati zito. Wako wanaokimbilia kile kioo kidogo cha pembeni wakidhani ni cha bei rahisi, ilhali mara nyingi kimebandikwa kwa gundi, na kukipata dukani ni kazi kuliko kupata kioo cha mlango.

Ikiwa hamna mtu ndani, basi hakuna haraka yoyote, na neno hili nalisema kwa uchungu. Asubuhi moja nilikuwa soko la samaki la Deep Sea, nimeweka ndoo ya samaki nyuma ya gari, nikaweka na ufunguo kando ya ndoo ili nifunge kifuniko kwa mikono miwili, kisha nikashusha mlango wa nyuma. Kwa kuwa niliona aibu, nilimruhusu kijana aliyekuwa karibu apenyeze waya kwenye mpira wa mlango wa dereva. Alihangaika hadi mpira ukachanika na rangi ikachubuka urefu wa kidole. Mzee mmoja aliyekuwa akiparua changu pembeni akaniuliza, "Mwanangu, milango yote umeijaribu?" Sikuwa nimeijaribu. Mlango wa abiria wa nyuma, upande wa kushoto, ulifunguka kwa kuvutwa tu, kwa sababu kimota chake cha kufungia kilikuwa kimekufa siku nyingi na mimi sikujua. Masika yaliyofuata, maji yaliingia kwenye zulia la gari kupitia pale mpira ulipochanika.

Kwa hiyo zunguka gari lote, vuta kila kitasa, jaribu na buti, tazama kama kuna kioo kilichoshuka japo kidogo. Kisha mpigie simu aliye na ufunguo wa akiba. Hapa wengi hukwama kwa sababu simu nayo imo ndani, na namba zote zimo katika simu. Hifadhi kichwani namba moja ya mtu wa nyumbani, na iandike pia kwenye karatasi ndani ya pochi.

Asipopatikana, tafuta fundi wa funguo badala ya kijana mwenye waya. Ndani ya mlango wa gari la siku hizi kuna nyaya za umeme, fimbo za kufungulia na mashine ya kioo, na waya unaochokonoa kwa kubahatisha unaweza kuharibu kimojawapo. Fundi anayeijua kazi huachanisha ukingo wa mlango taratibu kwa kabari ya plastiki au kifuko kinachojazwa hewa, kisha hupitisha fimbo ndefu iliyovishwa mpira hadi kwenye kitufe au kitasa cha ndani. Patana naye bei kabla hajaanza, na usikasirike akikuuliza uthibitisho kwamba gari ni lako, maana fundi anayefungua gari la yeyote bila kuuliza ndiye wa kumwogopa. Picha ya kadi ya gari ikiwa pia kwenye simu ya mwenza wako, ataituma mara moja.

Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe wana tatizo jingine linalofanana na hili, yaani rimoti kufa betri. Gari haliitiki, na mtu hudhani amefungiwa nje kabisa. Ndani ya rimoti nyingi za namna hiyo mna ufunguo mwembamba wa chuma unaochomoka kwa kusukuma kijilimi pembeni; huo hufungua mlango wa dereva, ingawa king'ora kinaweza kulia. Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Kwa magari mengi ya Toyota njia hii huliwasha gari hata betri ya rimoti ikiwa imekufa. Dalili ya betri kuisha ni kwamba unalazimika kusogea karibu zaidi siku hadi siku ndipo gari liitike. Soma namba iliyoandikwa juu ya betri ya zamani kabla ya kununua mpya: CR2032 ina upana wa milimita 20 na CR1632 milimita 16, na moja haikai mahali pa nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani kila mwenye gari alifanye wiki hii. Magari mengi yaliyotumika yanayotufikia kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu, nasi huridhika nao. Mengi yake yana kidude cha kielektroniki ndani ya kichwa cha ufunguo, nayo kompyuta ya gari hukitambua kabla ya kuruhusu injini iwake. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, fundi huchonga wa pili na kuuingiza katika kumbukumbu ya gari bila shida kubwa. Ukiupoteza huo mmoja, hana pa kuanzia. Itabidi asome kufuli upya, na pengine aifungue kompyuta yenyewe, kazi ya muda mrefu na gharama kubwa zaidi. Mtu anayeahirisha kuchonga ufunguo wa pili anajiwekea deni.

Unapokwenda kuchonga, usitoe mfano kwenye ufunguo uliolika kama unao ulio mzima zaidi, kwa sababu mashine hunakili na ulikaji wake. Kama gari lilikuja na kibati chenye namba ya ufunguo, kihifadhi vizuri, kwa kuwa fundi mwenye vifaa anaweza kuchonga kwa kufuata namba hiyo. Omba pia akuchongee ufunguo mtupu, usio na kidude. Huo hauwashi gari, unafungua mlango tu, na bei yake ni ndogo. Ndio ufunguo wa kumwachia jirani, na ndio wa kufunga kwenye bukta unapokwenda kuogelea Raskazone, kwani rimoti ikizama kwenye maji ya chumvi huharibika upesi.

Usiondoke kwa fundi kabla hujaujaribu kila ufunguo kwenye mlango wa dereva, buti na swichi. Kisha endelea kuujaribu mara moja kwa mwezi, hasa kwenye tundu la mlango. Sisi wa pwani tumezoea kufunga kwa rimoti miaka mingi bila kugusa tundu hilo, huku hewa ya bahari ikiingiza chumvi na kutu, na siku ya shida ufunguo huingia lakini haugeuki. Ukilazimisha, unakatikia ndani. Unga wa risasi ya penseli ukipulizwa ndani ya tundu husaidia, na haukamati vumbi kama yafanyavyo mafuta ya injini.

Ufunguo wa akiba usikae ndani ya gari, wala kwenye kishikizo kimoja na ule wa kila siku. Usiufiche chini ya bampa kwa sumaku. Wezi wanapajua, na barabara za vumbi huutikisa hadi udondoke. Mpe mtu anayepatikana kwa simu na anayekaa karibu na njia zako. Mkisafiri wawili, mmoja abebe wa kwanza na mwingine wa pili. Na ukikwama Muheza au Korogwe, mtu wa nyumbani anaweza kuufikisha ufunguo stendi ukaletwa na basi: autie kwenye bahasha iliyobandikwa vizuri, aandike jina na namba ya simu ya mpokeaji bila namba ya gari wala mahali lilipo, achukue risiti, kisha akutumie namba ya basi na saa lilipoondoka ili ulisubiri likifika.