Gari la umeme na tairi za baridi: usitoke garajini kwa neno la "itazimika yenyewe"

Kila mwisho wa Oktoba, kundi letu la WhatsApp la watu wa Bukavu, Kongo, tunaoishi Norway hujaa swali moja: "Nimebadilisha tairi, kuna taa ya njano haizimiki, nifanye je?" Majibu yanamwagika. Mmoja anasema ni baridi tu, mwingine anasema ongeza upepo, na hakosi yaya (kaka mkubwa) mmoja wa kusema: achana nayo, gari si linatembea? Huyo wa mwisho msimsikilize. Taa hiyo imenila pesa, ikaniharibia tairi, ikanipandisha kwenye gari la kukokota usiku wa baridi, na yote yalianza na sentensi moja ya upole kutoka kwa fundi: "Endesha tu, itazimika yenyewe."

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka muiogope.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, kwa kuwa nyumbani wengi wetu hatukuwahi kukijali. Nani Bukavu alinunua gari la Japani lenye usukani wa kuume akauliza habari za sensa, vile vipima-upepo vya tairi? Huku, sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo Norway nayo inaifuata, inadai kila gari dogo jipya tangu Novemba 2014 liwe na mfumo wa kuonya upepo wa tairi ukipungua. Kwenye gari nyingi za umeme mfumo huo ni sensa ndogo yenye betri, iliyofungwa ndani ya gurudumu kwenye shina la valvu. Inapima upepo na joto, inatuma habari garini kwa mawimbi. Kila sensa ina namba yake, na gari limezikariri zile nne. Ukifunga magurudumu mengine yenye janti (chuma kinachobeba tairi) na sensa zake, gari linaendelea kuzitafuta zile zilizobaki ghalani, halizipati, linawasha taa.

Tena sensa iliyokaa majira mazima bila kuzunguka inakuwa imelala ili isimalize betri. Inaamka gurudumu likianza kuzunguka. Ndiyo maana gari huhitaji kutembezwa kidogo, mwendo wa zaidi ya kilomita 25 hivi kwa saa, ndipo lizitambue sensa mpya. Dakika kumi, robo saa, tuseme nusu saa kukiwa na foleni. Kwa hiyo fundi hakusema uongo, na mara nyingi taa huzimika kweli. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukamata. Hili ni neno la kweli linalofunika ile mara moja ambayo si kweli, nawe unatoka uani ukiwa umeshalipa.

Mara hiyo moja inakuja hivi. Sensa za zamani huku Ulaya zinatumia redio ya megahezi 433. Za Marekani ya Kaskazini nyingi ni megahezi 315, kwa hiyo wewe uliyeko Canada au Texas usipokee seti iliyotoka Ulaya, na wa Ulaya asipokee ya huko. Halafu ikaja Bluetooth. Tesla Model 3 na Model Y za mwanzo zilitoka kiwandani na sensa za 433. Baadaye kiwanda kikahamia Bluetooth, na gari la aina moja halisikii sensa za aina ya pili. Janti ni zilezile, matundu matano ya buloni ni yaleyale, zinaingia na kufunga bila shida. Ukizilaza kando kwa kando hutaona tofauti. Muuzaji anasema kwa moyo mweupe, "Zina sensa." Ndiyo, zinazo. Ila gari lako ni kiziwi kwao, na hata uendeshe hadi Sweden na kurudi, taa haitazimika.

Nami niliuziwa hivyo: seti ya mtumba kutoka garaji moja, imefungwa vizuri, upepo umejazwa, tabasamu hadi mlangoni. Taa haikuzimika. Nikarudi, wakaniambia niendeshe zaidi, afadhali njia kuu. Nikarudi tena, sasa ikawa kosa la baridi. Walipokubali hatimaye kuzisoma kwa mashine, ikaonekana ni za mawimbi ambayo gari langu halipokei. Nikaomba wabadilishe. Yule bwana akafungua faktire (ankara) kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini bila kupandisha sauti: "Tairi nne za baridi pamoja na janti." Sensa haikuandikwa. Yote tuliyosemezana uani hayakuwapo.

Hapa niseme jambo kuhusu wenyeji wetu. Hawapigi kelele, hawadai matabishi, kile kitu kidogo, na sidhani walikusudia kuniibia. Lakini imani yao yote wameiweka kwenye karatasi na skrini, na ambacho hakimo humo hakijatokea duniani. Bukavu, kwado, fundi wa kuziba tairi kando ya barabara pale Nyawera, anatumbukiza chemba kwenye beseni la maji mbele yako, mapovu unayaona mwenyewe. Huku kazi inafanyika nyuma ya kioo, wewe unapewa kahawa ya bure ukae. Mtu ambaye nyumbani angesimama juu ya kichwa cha fundi toka buloni ya kwanza hadi ya mwisho, akifika huku anaona haya mbele ya Mzungu. Haya ya nini? Acha kahawa, simama uone. Mimi naona pia wamezidisha: wameweka kompyuta mahali ambapo jicho na kipimo cha mkono vilitosha, kisha jicho lenyewe wakalipumzisha. Ila siwezi kuwacheka sana. Nikizikumbuka taksi zinazoshuka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola na tairi zilizobaki uzi, taa kama hii ingetuokolea watu.

Basi, kabla ya kulipa. Uliza: sensa hizi ni za 433 au za Bluetooth, na gari langu linapokea zipi? Jina la modeli peke yake halitoshi, kwa sababu gari mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kwa mwezi zilipotengenezwa. Mpe fundi namba ya shasi atafute kwenye programu yake. Asiyejua, asikufungie. Kisha mwambie azisome sensa zote nne mbele yako kabla hajazifunga. Garaji inayobadilisha tairi kila siku ina kisomeo cha mkono. Kinaiamsha sensa iliyolala bila gurudumu kuzunguka, kinaonyesha namba yake, upepo, na mara nyingi hali ya betri. Nairudia kwa wale wanaosoma mbiombio: gari ndilo linalohitaji kutembea, kisomeo cha fundi hakihitaji. Akikuambia hawezi kujua lolote mpaka uendeshe, au hana chombo, au hataki kukitoa. Mwishowe, neno "sensa" pamoja na aina yake liandikwe kwenye faktire. Liandikwe! Ukimaliza, endesha nusu saa kuzunguka mtaa wa garaji hiyohiyo. Taa ikibaki inawaka, rudi siku hiyo, si wiki ijayo.

Ukinunua kwa mtu binafsi ni hayohayo, hata awe ndugu wa kanisa, hata awe mtoto wa Kadutu uliyesoma naye. Hasa huyo, maana kwake utaona aibu kudai karatasi. Ujumbe wa simu tu unatosha: "Tairi nne, janti nne, sensa nne za Bluetooth, bei fulani." Akijibu ndiyo, umepata ushahidi.

Betri za sensa huishi miaka mitano hadi kumi, na zimezibwa humo. Ikifa, sensa nzima inatupwa. Seti ya mtumba ya 2016 au 2017 inaweza kuwa ya mawimbi sahihi na bado ikawa maiti. Kuweka nne mpya ni mamia ya kroner kwa kila moja, pamoja na kazi ya kung'oa tairi kwenye janti, kuirudisha na kuibalansi. Kwa mtu ambaye nyumbani wanamsubiri, tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, pesa hiyo inauma mara mbili. Kuna sensa za kuandikwa upya, ambazo fundi huzipa namba zilezile za seti yako ya kiangazi ili gari lisijue kuwa zimebadilishwa. Ni njia nzuri, ila hainakili sensa ya 433 ikawa ya Bluetooth. Ukiambiwa inawezekana, ondoka.

Na kwa nini nisiishi tu na taa? Baba yangu mdogo aliniuliza hivyohivyo kwa simu, akaongeza niifunike kwa kipande cha skochi (utepe wa kunata). Nampenda sana mzee wangu, lakini hapana, baba. Taa iliyowaka tayari haiwezi kuwaka tena. Msumari uliponichomea tairi ya nyuma, upepo ukatoka polepole, na dashibodi ikaendelea kunionyesha njano ileile niliyoizoea. Gari la umeme ni zito kwa ajili ya betri iliyo sakafuni, na tairi yenye upepo mdogo chini ya uzito huo inapata joto na kukatika ubavuni. Gurudumu la akiba gari nyingi za namna hii hazina kabisa. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo, na ubavu uliokatika hauzibwi kwa gundi. Huku hupungii mkono mtu apite akusaidie kwa jeki yake. Unapiga simu ya bima, unangoja.

Kuna na ukaguzi. Si kama kontrole teknike ya kwetu unayoikumbuka siku PCR, polisi wa barabarani, wanapokusimamisha. Huku EU-kontroll ya kwanza ni gari likitimiza miaka minne, kisha kila baada ya miaka miwili, na mfumo huu wa tairi umo kwenye orodha ya vitu wanavyovitazama. Usipeleke gari na njano ikiwaka ukitegemea maelezo mazuri.

Gari nyingine hazina sensa gurudumuni hata kidogo. Volkswagen nyingi za Ulaya, kwa mfano, zinatumia vipimo vya ABS (mfumo wa breki unaozuia gurudumu kujifunga): tairi iliyopungua upepo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake, na kompyuta inalitambua hilo. Hapo janti yoyote inayoingia inafaa, na kila ukibadilisha tairi unabonyeza kwenye skrini kuhifadhi upepo mpya. Lakini jaza upepo sawasawa kwanza, tairi zikiwa baridi, ndipo ubonyeze. Ukibonyeza zikiwa pungufu, umeifundisha kompyuta kwamba upungufu ndio uzima.

Wanaosema ni baridi tu, wakati mwingine ni kweli. Upepo hupungua kama baa (kipimo cha upepo) 0.1 au zaidi kidogo kwa kila nyuzi 10 joto linaposhuka. Tairi iliyojazwa baa 2.9 kwenye garaji yenye nyuzi 20, ikilala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, itakuwa imepoteza kati ya 0.3 na 0.4 bila tundu lolote. Njia ya kutofautisha: skrini ikionyesha namba nne na moja iko chini, ongeza upepo. Ikionyesha mistari mitupu mahali pa namba, upepo hautakusaidia, rudi kwenye sensa.

Mengine mnayajua. Tairi za misumari zinaruhusiwa kuanzia 1 Novemba hadi Jumapili ya kwanza baada ya Jumatatu ya Pasaka, na wale wa kaskazini kuanzia 16 Oktoba hadi 30 Aprili. Kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 3 wakati wa baridi. Jeki iwekwe kwenye alama zake tu, usiitoboe betri. Buloni zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kama umeshanaswa, andika barua pepe leo, usipige simu. Sheria ya Norway inakupa angalau miezi miwili tangu ugundue kasoro ili uilalamikie kwa muuzaji aliye mfanyabiashara, na hizo "endesha kwanza, tuone" zinakula siku zako. Eleza ulichoahidiwa, tarehe, picha ya taa, picha ya kisomeo. Muuzaji akikataa, Forbrukertilsynet, mamlaka ya kulinda wanunuzi, wanapatanisha bure, hata kama uliuziwa na mtu binafsi. Mimi nilichelewa kuandika kwa sababu ya heshima, tukaishia kugawana gharama.

Na ninyi mlioko nyumbani Bukavu, Panzi na Bagira, mnaoniomba niwatumie hizo tairi za baridi zilizobaki, eti ni imara kwa sababu ni za Ulaya: mpira wake ni laini kwa makusudi, umetengenezwa kwa ajili ya theluji. Kwenye joto la Uvira utaisha kabla hujamaliza kulipa usafiri. Nitawatumia hela kidogo, mnunue za huko.