Geneva kwa miguu, mkiwa wawili: mambo ya kuzingatia kabla

Anza na viatu. Mimi nilinunua raba mpya wiki moja kabla ya safari, nyeupe, za kupigia picha, nikazivaa kwa mara ya kwanza siku ya kuondoka. Jioni ya siku ya kwanza kisigino changu cha kulia kilikuwa na lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na mume wangu kakaa sakafuni ananibandika plasta huku anajikaza asicheke. Viatu vya safari hii vivaliwe mwezi mzima kabla, sokoni, kanisani, kazini, mpaka vizoee mguu. Plasta zikae kwenye pochi. Mlizozifungia kwenye begi hotelini hazitawasaidia mkiwa njiani.

Kinachowadanganya watu kuhusu Geneva ni udogo wake. Kutoka stesheni ya Cornavin hadi ziwani ni kama dakika kumi za mwendo wa kawaida. Unavuka daraja la Mont-Blanc, unapita saa ya maua pale Jardin Anglais, unajiambia mji wote utauzunguka kabla ya chakula cha mchana. Kumbe mji wa kale uko juu ya kilima, na vichochoro vyake vimetandikwa mawe. Mnara wa kaskazini wa kanisa kuu la Saint-Pierre una ngazi 157. Panda, ziwa lote linaonekana ukiwa pale juu, ila mkubaliane mapema kwamba siku ya mnara haina kilima kingine. Mkishuka, nendeni Promenade de la Treille, kuna benchi la mbao lenye urefu wa kama mita 120. Sisi tulilikalia karibu saa nzima na sijutii hata dakika moja.

Mwendo wenyewe mjadiliane mkiwa bado nyumbani. Mume wangu hutembea kama anawahi kivuko, mimi husimama kila dirisha la duka. Bila mapatano, siku ya pili mtakuwa mnatembea mita ishirini mmoja nyuma ya mwenzake, kimya. Sisi tuliweka sheria moja: kila mtu achague kitu kimoja kwa siku, na mwenzake aende bila kuguna. Yeye alichagua Palais des Nations, ofisi za Umoja wa Mataifa, ambako ziara huwekewa nafasi mapema na mlangoni unaonyesha pasipoti. Pale mbele, uwanjani, kuna kile kiti kikubwa cha mbao chenye mguu uliokatika, urefu wake mita 12, kilichosimamishwa mwaka 1997 kupinga mabomu ya ardhini. Mimi nilichagua ziwa, kila siku ziwa.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni jua. Sisi tumezoea siku ya saa kumi na mbili, jua likizama unajua ni saa moja. Geneva mwishoni mwa Juni jua linachomoza saa kumi na mbili kasorobo alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Macho yanakwambia ni alasiri, tumbo linakwambia vingine. Siku ya kwanza tulizurura hadi tukaona njaa imezidi, kutazama saa ni karibu saa nne usiku, na jikoni za mikahawa zimeshafungwa. Mchana nako mikahawa mingi hupika hadi kama saa nane, kisha husimama hadi jioni. Kwa hiyo kuleni kwa saa, msifuate jua. Mlo wa siku wa mchana ndio nafuu. Chakula cha usiku kitawauma mfukoni. Maduka ya vyakula mengi hufunga kuanzia saa moja jioni na Jumapili hayafungui kabisa, isipokuwa yale ya stesheni na uwanja wa ndege, basi Jumamosi mchana nunueni mkate, jibini na matunda. Kwa Waislamu, fahamuni kwamba Magharibi inaingia saa tatu na nusu hiyo hiyo na Isha karibu na usiku wa manane. Msikiti mkubwa uko Petit-Saconnex, tangu mwaka 1978.

Karatasi sasa, haraka haraka. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ni ile ile. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Kiangazi foleni ni ndefu, nendeni mapema. Kila mmoja anajaza fomu yake hata kama mna cheti cha ndoa, nacho mkibebe. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka huko. Mkitaka kuvuka kwenda Ufaransa, labda kupanda mlima Salève unaouona kutoka mjini, viza haibadiliki, ila pasipoti isibaki hotelini.

Kule kutokuwamo kwenye Umoja wa Ulaya kunawapata wengi kwenye simu. Kifurushi cha intaneti kilichoandikwa "Ulaya" huenda kisiihesabu Uswisi, kwa hiyo someni orodha ya nchi kabla ya kulipa. Fedha ni faranga. Na soketi za Uswisi si kama za nchi nyingi za Ulaya: zina matundu matatu na zimezama ukutani kwa umbo la pembe sita, kiasi kwamba ile adapta nene ya mviringo inayouzwa kwetu kama ya Ulaya haiingii. Tafuteni iliyoandikwa Uswisi.

Usafiri wa ndani usiununue kabla ya kuuliza hoteli. Wageni wa hoteli na hosteli hupewa bure kadi ya tramu na mabasi, pamoja na zile boti ndogo za manjano na nyekundu zinazovusha watu ziwani. Miguu ikichoka, boti ni pumziko na matembezi kwa mpigo mmoja.

Maji msinunue. Bebeni chupa moja kila mtu, mabomba ya mitaani ni mengi na ni ya kunywa, isipokuwa palipoandikwa "eau non potable". Kofia na mafuta ya kuzuia jua yanahitajika hata kwa ngozi zetu. Hoteli nyingi hazina AC, na Julai inaweza kuwa na joto kali. Halafu beba koti jepesi, kwa sababu kuna upepo wa kaskazini mashariki wanaouita bise, ukivuma kunapoa ghafla na ile chemchemi kubwa ya Jet d'Eau huzimwa. Siku ya utulivu inarusha maji mita 140 juu. Ukitembea kwenye ukuta wa mawe unaoifikia, simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Upepo ukigeuka hata kidogo, utalowa chepechepe.

Kuhusu kuogelea nina neno. Sisi wa Mwanza tumelelewa kwa kuonywa juu ya kichocho, na mume wangu alisimama ukingoni pale Bains des Pâquis, mahali pa kuogelea ziwani, akiwa amekunja suruali, hataki kushuka. Kichocho hakipo huko. Kilichopo kiangazi ni binamu yake: minyoo ya bata, inayopitia kwa konokono vile vile, ambayo wenyeji huiita viroboto vya bata. Ikikosea njia na kuingia kwenye ngozi ya mtu hufia hapo hapo, ikaacha vipele vya kuwasha siku chache. Msikae kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na mkitoka jifuteni kwa taulo mara moja, kisha bafuni. Mto Rhône ni habari nyingine. Utawaona vijana wakijiachia kwenye mkondo kuelekea Jonction, pale mto Arve unapoungana nao. Unakwenda kasi, na asiyeogelea vizuri abaki kutazama.

Nguo za kuogelea na taulo nyembamba viwe kwenye begi la mkononi. Mkifika asubuhi, chumba huenda kisiwe tayari hadi saa tisa mchana. Tuliacha mizigo mapokezi, tukashuka ziwani na viatu mkononi, na kufikia saa tano mume wangu alikuwa ndani ya maji hadi shingoni, ananiita niingie.