Ramani ya makazi ya planktoni katika mkondo wa Pemba kwa kutumia QGIS

Mwanafunzi mmoja alihesabu planktoni (viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji) kwa hadubini miezi kadhaa, kisha ramani yake ikawa haieleweki. Vituo alivyojua ni vya karibu na Pemba vilitokea katikati ya mkondo, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara. Tuliketi siku nzima mpaka tukapata kosa, na ndiyo maana hatua ya pili hapa ni ndefu.

Natumia QGIS, programu ya kuchora ramani. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaipakua, na laptopu ya kawaida inaimudu.

Hatua ya 1: Jedwali
Kila kituo na mstari wake: latitudo, longitudo, tarehe, saa, kina cha wavu, idadi kwa mita ya ujazo. Saa usiiache, kwa kuwa planktoni wanyama wengi hupanda juu usiku na kushuka mchana. Ulipopima usione kitu, andika 0.

Hatua ya 2: Majira ya nukta (latitudo na longitudo)
GPS nyingi za mashuani huonyesha digrii na dakika. Daftari la mwanafunzi, lenye madoa ya chumvi, lilisomeka "05 14.250 S, 39 30.600 E". Kwenye jedwali aliandika 5.14250 na 39.30600. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dakika hugawanywa kwa 60 kwanza: 14.250 ÷ 60 = 0.2375, kwa hiyo latitudo ni -5.2375, na longitudo ni 39.5100. Kituo kilikuwa kimesogea kilomita 22 hivi magharibi na 10 kaskazini, bado kikiwa majini, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Dalili ya kosa hili: pitisha macho kwenye safu nzima. Kama hakuna desimali hata moja inayofika .60, huenda hizo ni dakika; linganisha na daftari. Usisahau alama ya kutoa, la sivyo vituo vitaruka kaskazini ya ikweta. Na longitudo ndiyo X, latitudo ndiyo Y. Ukichukua nukta kutoka ramani za zamani za Tanzania au Kenya, angalia kama zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani za Afrika Mashariki. Ukizichukulia kuwa WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, zitahama mita 300 hivi.

Hatua ya 3: Pakia jedwali, chagua EPSG:4326, yaani namba ya WGS 84 kwenye QGIS.

Hatua ya 4: Matabaka ya makazi
Kina cha bahari chukua kutoka GEBCO, ramani ya kina cha bahari zote duniani. Klorofili (rangi ya kijani inayoonyesha planktoni mimea) chukua ya MODIS, kifaa cha setilaiti cha NASA, wastani wa mwezi, kwa sababu picha za siku moja hujaa mawingu. Kila pikseli ni kilomita 4, na karibu na ufuko usiiamini: matope ya mto Pangani na mchanga wa maji mafupi husomeka kama klorofili. Kusi na kaskazi zipe ramani mbili.

Hatua ya 5: Kuonyesha
Tumia miduara, ukubwa kulingana na idadi. Sipendi kabisa kujaza rangi bahari nzima kutokana na vituo 12. Rangi hiyo hupita hata juu ya kisiwa.