Wali uliobaki: kuupasha moto hakuondoi sumu

Kwa wauza chakula wa barabarani, wali unastahili uangalizi kuliko wengi wanavyodhani. Spora (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) za aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiwi na moto, kwa hiyo kuupasha mpaka utoe mvuke hakumwokoi mteja.

Unaouzwa ubaki juu ya nyuzi 60: moto mdogo, sufuria ifunikwe, upime katikati kwa kipimajoto cha chakula, si pembeni. Unaobaki usiuache kwenye sufuria kubwa, maana katikati hushikilia joto kwa saa nyingi. Utandaze kwenye trei safi, kina kisizidi sentimita 5, ushuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha uingie kwenye friji. Huna friji? Pika kidogo kidogo, na uliokaa vuguvugu saa 4 utupwe, hata ukinukia vizuri.

Ukiomba kibali, waonyeshe wakaguzi kipimajoto hicho pamoja na daftari la vipimo vya kila siku.