Emacs Moja Yatosha: Kufungua Faili Kutoka Terminali Bila Kuanzisha Kihariri Kipya

Ofisi yetu iko Moi Avenue, Mombasa, hatua chache kutoka kwenye zile pembe, na kazi yangu ni kutunza skripti zinazosoma orodha za makontena. Asubuhi moja nilikuwa na Emacs (kihariri cha maandishi) mbili kwenye kompyuta moja: ya kwanza niliianzisha nilipofika, ya pili niliiita kwenye terminali ili nirekebishe mstari mmoja tu. Zote mbili zimefungua faili ileile, `ushuru.py`. Emacs ina adabu zake. Ukianza kuhariri faili iliyoshikwa na mwenzake, inakuuliza unyang'anye, uendelee au uache. Mkono mmoja una hamri, nikabonyeza `p` nikaendelea. Wakati wa kuhifadhi ikauliza tena: faili imebadilika kwenye diski, nihifadhi tu? Nikaandika `yes`. Kazi ya saa mbili niliyokuwa nimeihifadhi kwenye dirisha la kwanza ikaenda na maji.

Tangu siku hiyo ninafungua Emacs moja, na kila faili ninaituma humo.

Hatua ya 1: Itegeshe sikio

Ndani ya Emacs iliyo wazi, bonyeza Alt na x, kisha andika:

    server-start

Basi. Sasa inasikiliza faili utakazoitumia kutoka terminali. Ili usirudie kila siku, weka hii kwenye `init.el`, faili ya mipangilio ya Emacs:

    (require 'server)
    (unless (server-running-p) (server-start))

Hiyo `unless` usiiache. Siku utakapofungua Emacs ya pili kwa bahati mbaya, itaona kuna mwenzake anayesikiliza tayari, na itanyamaza.

Hatua ya 2: Tuma faili

    emacsclient -n ushuru.py
    emacsclient -n +214 ushuru.py

Amri ya pili inakupeleka moja kwa moja mstari wa 214. Python ikilalamika kwamba kosa liko mstari fulani, unainakili namba hiyo na kwenda, huna haja ya kuteremka kurasa kwa kidole. Ukitaka na safu, andika `+214:9`.

`emacsclient` ni programu ndogo sana. Haisomi `init.el` yako wala haipakii chochote. Inagonga mlango wa soketi, faili maalum ambamo Emacs inasikiliza (kwenye Linux yangu ni `/run/user/1000/emacs/server`, hiyo 1000 ikiwa namba ya mtumiaji), inataja jina la faili, inaondoka. Ndiyo maana faili inafunguka papo hapo hata kwenye kompyuta kuukuu.

Hatua ya 3: Kungoja au kutongoja

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kijana tunayefanya kazi naye anatumia git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili na kudai ujumbe kwa kila badiliko. Alinijia: "Kaka, mbona git yaniambia sijaandika kitu, na ujumbe huu hapa nimeuandika?" Nikamwambia anionyeshe `EDITOR` yake, mpangilio unaoziambia programu nyingine zifungue kihariri gani. Ilikuwa hivi:

    export EDITOR='emacsclient -n'

Ile `-n` maana yake ni usingoje. Git ikaita `emacsclient`, nayo ikarudi mara moja kusema imemaliza. Git ikasoma faili ya ujumbe, ikakuta mistari ya maelezo tu, ikaandika `Aborting commit due to empty commit message.` Yeye yuko kwenye Emacs anaandika barua, na posta imeshafungwa.

Kwa hiyo gawa kazi mbili kwenye `~/.bashrc`:

    alias e='emacsclient -n'
    export EDITOR='emacsclient'

`e` ni yako wewe, unafungua faili na terminali inabaki huru. `EDITOR` ni ya programu nyingine, nazo lazima zingoje. Git ikikuita, terminali itaonyesha `Waiting for Emacs...` na kutulia. Andika ujumbe, hifadhi kwa `C-x C-s` (C ni Ctrl), halafu bonyeza `C-x #`. Hiyo ndiyo ishara ya "nimemaliza". Usibonyeze `C-x C-c` kwenye dirisha lako kuu, maana hapo unaifunga Emacs nzima. Ukighairi, futa ujumbe wote, hifadhi, kisha `C-x #`. Git itaacha yenyewe.

Hatua ya 4: Stima ikipotea

Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizimika, Emacs nayo imekwenda, na amri yako itajibu `can't find socket; have you started the server?` Tumia hii:

    emacsclient -c -a "" ushuru.py

`-a ""` inaianzisha Emacs nyuma ya pazia kama haipo, na `-c` inakufungulia dirisha. Ulichokuwa hujahifadhi usikikatie tamaa: Emacs huweka nakala kwenye `#ushuru.py#` kila baada ya vibonyezo 300 hivi, au ukitulia sekunde 30. Iite kwa `M-x recover-file` (M ni Alt).

Hatua ya 5: Faili za mfumo

`sudo emacsclient /etc/hosts` haitafika kwako, kwa sababu root, yaani msimamizi wa mfumo, anatafuta soketi yake, si yako. Tumia:

    sudoedit /etc/hosts

Inatengeneza nakala ya muda, inaifungua kwa `EDITOR` yako, na ukibonyeza `C-x #` inairudisha mahali pake. Hapa pia ukiwa na `-n` utaambulia patupu.

Wasio wa Emacs

VS Code: `code -r -g ushuru.py:214` kwa dirisha lililo wazi, na `code --wait` kwa ajili ya git. Vim: angalia kwanza `vim --version | grep clientserver`, ukiona alama ya kujumlisha, anzisha kwa `vim --servername OFISI`, kisha kwenye terminali nyingine `vim --servername OFISI --remote ushuru.py`. Ukiona ya kutoa, Vim yako haikujengwa na uwezo huo, na hakuna mpangilio utakaouongeza. Sakinisha toleo lingine.